Kuku wa Brazil, Mchuzi wa Wathai

Sheria ya chakula katika Uislamu ni fupi. Mfu, damu iliyomwagika, nguruwe, na kilichochinjwa kwa jina lisilokuwa la Mwenyezi Mungu. Kisha kileo, na machache mengine ambayo wanazuoni wameyapambanua. Vilivyobaki, navyo ndivyo vingi, ni ruhusa. Mtoto wa miaka kumi huyahifadhi haya kwa siku moja na akabakiwa na wasaa wa kucheza mpira. Kinachochukua umri mzima ni jengine: kujua, pale tunaposita mbele ya sahani, ni kitu gani hasa kinachotusitisha. Ni kumcha Mungu, au ni kutomzoea aliyepika?

Mimi nasomesha Safina chuoni Wete, baada ya Magharibi, kwa vijana ambao mchana wako skuli. Ni kitabu chembamba cha fikihi ya Kishafii, na kila aliyepita chuo cha mwambao huu amekishika mkononi. Swali hili la sahani nimelipata kwa vijana hao hao, baada ya kurudi kutoka Muscat na kuwahadithia nilichokula kule. Darasa lilipasuka vipande viwili, na jioni iliyofuata mjadala ulikuwa umeshafika barazani kwa wazee. Nimeona bora niandike jawabu langu lote, maana barazani mtu humaliza nusu ya hoja, adhana ikamkata.

Dada yangu ameolewa Muscat. Wazee wa shemeji yangu walikuwa watu wa Pemba. Waliondoka baada ya Mapinduzi ya 1964, na wakaingia Oman baada ya Sultan Qaboos kushika utawala mwaka 1970 na kuwafungulia mlango wenye asili ya huko. Ndiyo maana hadi leo ukipita Seeb utasikia Kiswahili cha Chake Chake kikisemwa na mtu aliyevaa dishdasha na kofia ya Kiomani, na wajukuu zake wakimjibu kwa Kiarabu. Nilifika mwezi wa saba, joto likiwa la kutisha, na usiku wa mapumziko familia nzima ilipanda gari kwenda kwenye moli. Watu wa kule hutembea humo kama sisi tunavyotembea ufukweni, kwa sababu ndani kuna baridi.

Ghorofa ya juu pana ukumbi wa vyakula. Vibanda vimepangwa ukutani: biriani la Kihindi, shawarma ya Kilebanoni, kuku wa kukaanga wa Kimarekani, tambi za Kichina, na pembeni kabisa chakula cha Kithai. Unalipa, unapewa kidude cha plastiki, unakaa. Kikitetemeka na kuwaka taa, unakwenda kuchukua trei yako. Watu wa meza moja wanakula vyakula vya nchi tano, kila mmoja na trei yake.

Mpwa wangu, binti wa miaka ishirini na ushei, alinivuta kwa Wathai. “Mjomba, huku ndiko kuna nazi,” akaniambia, akijua mimi wali mkavu haupiti kooni. Nilisimama mbele ya kile kibanda muda mrefu kuliko ilivyohitajika kwa sababu ya kinu. Alikuwepo mwanamke ana kinu kirefu na mchi wa mti. Akatia thomu na pilipili mbichi, akatwanga mara chache, akatia papai bichi lililokunwa nyuzinyuzi, uduvi mkavu, ndimu, sukari, kisha akamimina kutoka chupani maji ya rangi ya chai. Yale maji ni samaki wadogo waliokaa kwenye chumvi miezi mingi hata wakayeyuka. Harufu yake haikunishangaza. Ni harufu ya pwani ya Wete pale dagaa wanapoanikwa na mvua ikawawahi. Sahani ya pili ilikuwa kuku kwenye mchuzi wa tui, wa kijani, wenye mchaichai.

Dada yangu alikataa. Yeye ni mkubwa kwangu, na amekaa Oman miaka mingi, lakini kwa chakula amebaki mtu wa Pemba. “Mie sili,” alisema. “Siwajui hawa wanamcha nani.” Akaagiza chai ya maziwa, akakaa nasi kwa heshima, na mimi nikala.

Nianze na sheria, kwa kuwa vijana wangu walitaka sheria kwanza.

Katika mapokezi ya Bukhari, Bibi Aisha anasimulia kwamba watu walimwendea Mtume kumweleza kuwa wanaletewa nyama na jamaa ambao karibuni tu walikuwa makafiri, na hawajui kama wakati wa kuchinja lilitajwa jina la Mungu au halikutajwa. Mtume hakuwaambia waitupe, wala hakutuma mtu akapeleleze. Aliwaambia walitaje wao jina hilo, kisha wale. Abu Thaalaba al-Khushani naye aliuliza kuhusu vyombo vya Watu wa Kitabu, watu waliokuwa wakipika nguruwe na kunywa pombe humo. Jawabu lilikuwa kwamba wakipata vyombo vyengine wasile kwa hivyo, na wakikosa waoshe, wale. Na katika Muwatta ya Imam Malik kuna kisa cha safari ya Sayyidna Umar na Amr bin Aas. Walifika kwenye hodhi la maji, Amr akamuuliza mwenye hodhi kama wanyama wakali hunywa hapo. Umar akamwahi mwenye hodhi akamwambia asiwajibu. Huyu ni Umar, ambaye hakuna aliyemshinda kwa ukali wa dini, anakataza swali lisiulizwe.

Sasa ile sahani. Kuku: dhabihu ya Mbudha kwa madhehebu yetu haifai kuliwa, na hilo sina nia ya kulilegeza. Lakini mpishi wa kwenye moli hakuchinja. Nyama inaingia Oman kwa nyaraka za uchinjaji wa Kiislamu, na serikali ndiyo inayozidai bandarini. Mkono wa mpishi si kisu cha mchinjaji. Akiwa Mbudha, Mkristo au hana dini, wali aliopika ni wali. Yale maji ya samaki: mavuwo ya bahari yamehalalishwa kwa maneno ya wazi ya Qurani, na matumbo ya samaki wadogo wanazuoni wa Kishafii wameyasamehe kwa uzito wa kuyatoa. Msamaha huo tunautumia kila siku tukila dagaa, na wengi wetu hatujui kuwa ni msamaha. Kama kuchacha kwake ndiko kunakokutisha, Abu Dardaa, sahaba mkubwa, amepokewa akisema kuwa samaki na jua hukigeuza kileo kikawa kitu chengine, kwenye kitoweo walichokuwa wakikila Sham. Samaki wa chupani hata hakuwahi kuwa kileo.

Kwa hiyo kisheria dada yangu alikuwa na ruhusa ya kula, na alikuwa na ruhusa ya kutokula. Hakuna anayelazimishwa papai bichi. Kilichonishughulisha ni sababu aliyoitoa, kwa kuwa ile si sababu ya kifikihi. Hakuuliza kuku katoka wapi. Aliuliza wapishi ni nani.

Hapo ndipo kuku wa Brazil anapoingia. Zanzibar inaagiza kuku wa barafu kutoka nje, na Brazil ni miongoni mwa nchi zinazouza kuku wa halali kwa wingi kabisa duniani. Maboksi yake yanafika Unguja, yanavuka kuja Mkoani, yanapanda gari hadi Wete, na usiku yanakaangwa kando ya njia pamoja na chipsi. Nani katika sisi amewahi kuomba kuona cheti? Nani anajua jina la machinjio, au la taasisi iliyotoa muhuri, au kama aliyekuwa na kisu alikuwa Mwislamu? Hatuulizi. Tunakaa kwenye benchi, tunamwagia pilipili ya maji na ukwaju, tunakula, tunamshukuru Mungu.

Na hatukukosea kula. Kwa kipimo cha hadithi ya Bibi Aisha tuko salama. Ninachotaka kionekane ni kwamba yule kuku wa Wete na yule kuku wa Muscat wana hali moja: wote wamechinjwa mbali, na watu tusiowajua, na wote wamekuja na karatasi. Huenda hata wametoka nchi moja. Tofauti yao ni uso wa aliyewakaanga. Wa Wete anavaa kofia ya kushona, baba yake tulisoma naye, na tunamwona safu ya mbele Ijumaa. Tunamtolea ushahidi baba, na kuku anapita kwa ushahidi huo.

Basi tukisema “nina shaka na chakula hiki,” mara nyingi maana yake ni “simjui mtu huyu.” Kutomjua mtu si dhambi, lakini hakujawahi kuwa dalili ya haramu. Na tukiuvisha ugeni joho la uchamungu tunafanya mambo mawili mabaya kwa pamoja: tunamdhania vibaya mtu asiyetukosea, na tunajidhania vizuri sisi wenyewe bila ya kazi yoyote.

Ugeni wenyewe, ukiuchungua, ni mwembamba. Mkarafuu, ambao bila yake Pemba isingelijulikana, kwao ni visiwa vya Maluku, mashariki ya Indonesia. Ulipandwa Unguja mapema karne ya 19, na kimbunga cha 1872 kilipoangusha mashamba ya kule, Pemba ikawa ndiyo shamba kuu. Mgomba umetoka upande huo huo wa bahari. Ngalawa yetu yenye mirengu ina jamaa zake kwenye visiwa vya huko. Muhogo wa futari na pilipili hoho vimetoka Amerika, tena vimeletwa na Wareno, watu ambao bibi zetu hawakuwa na neno jema la kuwasemea. Mchaichai uliokuwa kwenye ile sahani unakamuliwa mafuta hapa hapa Wawi, kwenye kiwanda cha makonyo, na tunaunywa kwenye chai kila asubuhi.

Na Wathai si Mabudha wote. Mikoa ya kusini, Pattani, Yala na Narathiwat, ni ya Waislamu, na madhehebu yao ni Shafii kama sisi. Mtunzi wa Safina, Sheikh Salim bin Sumeir, alikuwa Mhadhrami aliyefia Batavia, yaani Jakarta ya leo, na kitabu chake kimeenea kwenye vyuo vya Wamalay kama kilivyoenea kwetu. Katika jumba la wafalme wa Kithai wa Ayutthaya, karne ya 17, alikuwepo Sheikh Ahmad kutoka Qom, mfanyabiashara wa Kiajemi aliyepanda hadi kuwa waziri, na cheo cha kiongozi wa Waislamu wa Thailand kinahesabiwa kuanzia kwake. Nchi hiyo leo ina Baraza Kuu la Kiislamu linalotoa alama ya halali, na Chuo Kikuu cha Chulalongkorn kina kituo cha sayansi ya halali ambacho hupima vyakula maabara kutafuta chembe za nguruwe. Ukaguzi wa namna hiyo sisi kwa kuku wetu wa barafu hatujaufikiria.

Wala kula kwa wageni si jambo jipya. Kule Dubai kuna moli lililofunguliwa mwaka 2005 na kupewa jina la Ibn Battuta. Kumbi zake zimejengwa kwa sura ya nchi alizopita: Andalusi, Tunisia, Misri, Uajemi, India na China. Mwambao wetu haumo, ijapokuwa msafiri yule mwaka 1331 alilala Mombasa na akafika Kilwa, na ameandika kwa urefu alichoandaliwa Mogadishu: wali wa samli, vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi iliyopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu na pilipili manga, tangawizi mbichi, maembe. Mtu wa Tangier, Mmaliki, amekaa kwa watu asiojua lugha yao, anakula na kusifu. Alilolishangaa ni kiasi tu: mmoja wao, anasema, hula sawa na kundi la wenzake Ibn Battuta.

Najua pingamizi, kwa sababu lilitolewa barazani na mtu ninayemheshimu, fundi wa madau ambaye mikono yake imejenga nusu ya vyombo vya bandari yetu. “Ustadhi,” alisema, “sisi watu wa kisiwa. Mtoto akizoea kula asichokijua, kesho atakunywa asichokijua. Hayo mazoea unayoyadharau ndiyo yaliyotuweka.”

Hoja hii ina uzito, na mtu anayeipuuza hajalea. Watu wengi hawana nafasi ya kusoma vitabu vya fikihi. Mila ndiyo kitabu chao, na imewafikisha salama karne nyingi. Imam Ghazali katika Ihyaa, kwenye kitabu cha Halali na Haramu, anaipanga ile hali ya kujichunga, waraa, katika daraja nne. Ya chini ni kuacha kile ambacho mafakihi wamekiharamisha. Ya pili ni kuacha chenye shaka. Ya tatu ni kuacha hata kisicho na ubaya, kwa kuchelea kisije kikamwingiza mtu kwenye kibaya, na hiyo ndiyo hasa anayoisema fundi. Ya nne ni ya wasadikifu, wanaoacha kila kisichokuwa kwa ajili ya Mungu. Mtu akipanda daraja hizo tutamwombea, hatutamcheka.

Lakini Ghazali huyo huyo anatofautisha waraa na wasiwasi. Anamtaja mtu anayeacha kuwinda kwa kuhofu mnyama huenda aliwahi kumilikiwa na mtu kisha akatoroka. Hiyo, anasema, si waraa, ni wasiwasi, kwa kuwa shaka yake haina dalili yoyote inayoiegemea. Shaka yenye thamani ni ile yenye sababu ndani ya kitu chenyewe. Nikiwa Bangkok na kibanda hakina alama, kuku nitamwacha, na sufuria nitaiuliza. Hapo sababu ipo. Muscat, kwenye nchi ambayo nyama yote inapita mkono wa sheria, sababu iliyobaki ilikuwa macho ya mpishi.

Na mila, kama ukuta wa nyumba, ina mlango. Ukuta wetu umewekewa mlango upande ule anakoingia mtu anayefanana nasi, nasi hatulindi mlango huo. Kuku wa barafu kapita hapo. Vinywaji vya rangi vilivyowaharibu meno watoto vimepita hapo. Mkopo wa riba umepita hapo, umevaa kanzu. Fundi akisema mazoea ndiyo yaliyotuweka, mimi namuuliza: mazoea yametuwekea nini, na yameachia nini kipite?

Masahaba walikuwa wepesi mahali na wakali mahali, na mipaka yao haikukaa pale ilipokaa yetu. Umar hakutaka kusikia habari za wanyama waliokunywa hodhini. Lakini Abu Bakr, katika mapokezi ya Bukhari, aliletewa chakula na mtumwa wake akala, kisha akaambiwa kimelipiwa kwa ujira wa uaguzi wa zama za ujahiliya, tena uaguzi wa uongo. Akatia kidole kinywani akakitapika chote. Chakula chenyewe hakikuwa na najisi. Kilichokuwa na uchafu ni njia kilikopitia. Ghazali anaeleza kwa kirefu kwamba wema waliotangulia walikuwa hawajishughulishi sana na udogo wa najisi za nje, na walikuwa wakali mno kwa kipato na kwa moyo. Sisi tumepindua: sufuria tunaichunguza kwa tochi, na kipato tunakiacha gizani.

Ndiyo maana nataka swali la dada yangu libaki, ila lihamishwe. “Hawa ni nani?” ni swali zuri mno likiulizwa kwa nia ya kujua. Mpwa wangu alilichukua akenda kumuuliza yule mwenye kinu, kwa Kiingereza. Hakuwa Mthai. Ni Mfilipino, amejifunza vyakula vya Kithai pale pale kazini. Ana mtoto analelewa na bibi yake kwao. Alifika kupitia wakala, na mshahara wa mwaka wa mwanzo, alisema, ulikwenda karibu wote kwenye deni la kuja kazini. Aliyasema haya akiwa anaendelea kutwanga, maana foleni ilikuwa ndefu.

Basi kama mlikuwa na shubuha kwenye sahani ile, ilikuwa hapo. Mtume ameamrisha mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka, na alama ya halali iliyobandikwa kwenye boksi la kuku haisemi lolote juu ya jasho la aliyempika. Sisemi kuwa chakula kile kilikuwa haramu. Sina elimu ya kuhukumu mkataba wa mtu kwa maneno ya dakika tatu. Nasema kwamba lile ndilo swali ambalo Abu Bakr angelitaka jawabu lake, na hakuna katika meza yetu aliyekuwa amelifikiria, si mimi niliyekula, wala si dada aliyejizuia.

La pili lililonikera lilikuwa wazi zaidi, halihitaji wakala wala mkataba. Watu walipoinuka, trei nyingi zilibaki na nusu. Mfanyakazi wa Kibangladeshi alipita na kigari, anakokoa wali mweupe, vipande vya kuku, mikate ambayo haijaguswa, vyote ndani ya pipa jeusi. Wote waliokaa pale, au takriban wote, walihakikisha kwanza kuwa chakula ni halali. Na israfu imekatazwa katika aya ile ile inayotuamrisha tule na tunywe. Mtume alifundisha tonge lililoanguka liokotwe, lipanguswe, liliwe. Sinia la kwetu lina ulinzi wake hapa: watu watano wakila chombo kimoja, mwenye kushiba humwachia mwenye njaa, na kinachobaki kina mwenyewe. Trei ya mtu mmoja haina wa kuirithi. Lakini tusijisifu, harusi zetu za siku hizi mapipa yake tunayajua.

Na fedha niliyoendea Muscat ilitoka wapi? Kwenye karafuu, kama fedha nyingi za Pemba. Karafuu ni halali. Hakuna sheikh atakayesema vyengine. Lakini zilichumwa na vijana waliopanda matawi ambayo kila msimu huangusha watu, wakalipwa kwa pishi. Pishi ina mdomo, na mwenye shamba ndiye anayeamua ijazwe iishie mdomoni au ipande kilele. Sura nzima ya Qurani imefunguliwa kwa onyo la watu wanaopunja vipimo. Nimeona misimu ambayo baraza zima lilibishana juu ya siki iliyoandikwa kwenye chupa ya achari, na hapakuwa na aliyetamka neno kuhusu kilele cha pishi.

Si kwamba kisiwa hiki hakiwezi kuliuliza swali la njia. Kiliweza kwenye kisiwa kidogo cha Misali. Wavuvi wa Pemba wanasimulia kuwa Nabii Hadhara aliswali kwenye kisiwa kile, na wakati wote kilikuwa na heshima yake, lakini heshima hiyo haikuzuia nyavu haribifu wala baruti. Mwaka 1998 Misali ikatangazwa eneo la hifadhi, na miaka iliyofuata masheikh waliingizwa kwenye kazi, wakawaeleza wavuvi kwa aya na hadithi kwamba bahari ni amana na kuiharibu ni dhulma kwa viumbe na kwa watakaokuja. Samaki ni halali hata akifa mwenyewe. Haya kila mvuvi anayajua tangu utotoni. Masheikh wale walipanua swali kutoka kwa samaki hadi kwa namna ya kumvua. Yule yule changu, mmoja amepatikana kwa mshipi, mwengine kwa kuvunja jumba la matumbawe lililojengwa kwa mamia ya miaka, na ladha yao mdomoni ni moja. Aliyelielewa hili Misali hana haja ya mimi kumfundisha la Muscat.

Fundi wa madau niliposema haya hakunikubalia. Alisema nimechukua jambo dogo la chakula nikalifanya zito, na watu wanyonge hawatalibeba. Namjibu kuwa nimefanya kinyume chake. Nimewaondolea uzito wa kumchunguza kila mgeni, ambao hawakuamrishwa kuubeba, na nimewakumbusha ule ambao ulikuwa wao tangu zamani. Kumchunguza mpishi wa nchi nyengine ni kazi isiyo na mwisho. Kujua umemlipa nani, umembakishia nani, na umemwaga nini, mtu anaweza leo usiku, bila ya kutoka nyumbani.

Vijana wangu walipouliza mara ya mwisho, “Ustadhi, tule au tusile?” niliwarudisha kwa wale waliomwendea Mtume na nyama wasiyoijua asili yake. Walitaka kujua kama mwengine, huko mbali, alilitaja jina. Wakaambiwa walitaje wao. Wengi tunaisoma hadithi hiyo kama ruhusa, na ni ruhusa kweli. Lakini ina mzigo ndani yake: dhamana imetolewa kwa mchinjaji asiyeonekana ikawekwa kwa mwenye kula. Mwenye kusema bismillahi anatoa ushahidi, na hawezi kuutoa juu ya kisu ambacho hakukiona. Anautoa juu ya vile anavyovijua yeye mwenyewe: fedha iliyotoka mfukoni mwake, mtu aliyemhudumia, na kile atakachokiacha sahanini. Kama hayo anaweza kuyatajia jina la Mungu bila ya kuona haya, basi na ale, awe Wete au Muscat, na papai liwe bivu au bichi.